Jina la Mti Silitaji

Naanza na panya, maana wao ndio huanza.
Asubuhi, Tudor, chumba cha nyuma chenye feni mbovu,
nawachoma sindano ya kuwatetemesha,
kisha nabonyeza saa.
Aliyekunywa maji matupu
ametetemeka dakika ya nne.
Aliyekunywa maji ya mizizi
amefika ya kumi na moja ndipo mkia ukasimama.
Naandika: saba zaidi.
Kalamu inataka kuandika mengine. Naizuia.

Mizizi niliinunua Kongowea, kwa Nyamvula,
akaifunga kwa gazeti la wiki iliyopita,
akaniuliza, "Wamchemshia nani, nawe mgonjwa huna?"
Sikumweleza habari za spiriti na chujio,
na mashine izungukayo hata mti mzima ukasalia
ukoko wa kahawia chini ya chupa,
mdogo kama uchafu wa kucha.
Wala sikumwambia kwamba mgonjwa ninaye.

Bwanaheri, ndugu yangu, ana jino nusu.
Nusu ya pili ilikwenda na kijiko
walichomtia kinywani alipoanguka Makadara.
Watu wa nia njema, wengi,
mmoja akimnusisha kiatu,
mmoja akimuuliza jini jina lake.
Hakuna aliyemlaza ubavu.

Juzi alinikuta nafua koti jeupe.
"Dawa yenu hiyo, niletee kidogo.
Vidonge hivi vyanilaza,
hata swala ya alfajiri yanipita."
Nikasuuza. Nikakamua. Nikasuuza tena.
Panya wa tatu sikuwa nimemsema:
alikunywa maradufu,
hakutetemeka kabisa,
wala hakuamka.

Ndiyo maana jina la mti silitaji.
Nikilitaja leo, kesho wameufukua hadi mzizi wa mwisho,
keshokutwa kuna mtoto Likoni
ambaye mamake ametupa vidonge jaani.
Mti hauna haraka. Mwenye kifafa anayo.
Mimi nipo katikati, na saa yangu.

Usiku ule ule akaanguka bafuni.
Nikamgeuza ubavu, kanga chini ya kichwa,
kidole kikabonyeza chenyewe, kimezoea.
Moja. Moja na nusu. Mbili.
Akatulia, akalala palepale sakafuni, nami kando yake.

Adhana ikamwamsha.
"Ngapi?"
"Mbili na kitu."
"Na panya wako?"
"Amepata saba."
Akacheka, jino nusu likaonekana,
akanyosha mkono apewe vidonge vyake
na maji.