Mtikisiko

Kanda kumi na mbili ndani ya boksi la viatu,
lebo kwa penseli: Kemi, barafu. Sirkka, arobaini na tano.
Mmoja hauna neno, una alama ya kuuliza tu.

Waya nimeupata kwa muuza vyuma chakavu wa Tornio,
yuro nne, na onyo: "Kompyuta za leo hazina tundu hili."
Nikaifufua ya zamani. Feni yake inavuma kama ina kinyongo.

Mkanda wa saa moja hutaka saa moja.
Haubembelezeki, hauna njia ya mkato.
Mkato huja baadaye, kwa mkasi usio na makali
unaosubiri pembeni mwa skrini.

Basi nakaa. Ni saa nane mchana na giza limeshabisha hodi.
Mama anatoka sauna, mvuke mabegani, anaficha uso kwa taulo.
Otso anaanguka na baiskeli,
anaangalia kwanza kama ameonwa, ndipo analia.
Mimi, pengo mbele, nahesabu samaki juu ya theluji:
tatu, nne, sita.
Baba hayupo.

Namtafuta mkanda wa tatu, wa tano.
Kidole gumba, mara moja, chekundu, kimeziba nusu ya ziwa.
Kivuli kirefu chenye kofia.
Sauti: "Tazama huku, Heini. Huku."
Nami natazama.

Otso amepiga simu. Dakika ishirini tu, weka muziki,
Jumamosi mama anatimiza sabini. Toa vinavyochosha.
Nikamtoa mbwa, Rekku, dakika nne za mbwa kukaa tu.
Nikatoa meza ya keki.

Mkanda wa tisa, picha inaanza kutetemeka,
kidogo, kama maji ya glasi lori likipita,
kisha kila kitu: misonobari, mlango, paji la uso la mama.
Hatukujua bado.
Daktari alikuja kuutaja ugonjwa kwa jina mwaka uliofuata.

Programu imeona. Kisanduku kinaibuka kwa adabu:
Picha inatikisika. Itulizwe?
Ndiyo. Hapana.

Mshale unakaa juu ya Ndiyo kwa muda mrefu.
Jumamosi mtu atauliza, nani alishika kamera vibaya hivi?
Mama hatajibu. Atashika mkono wa kiti.

Hapana.

Kisha nikarudi mkanda wa pili, nikamrejesha Rekku,
dakika zake zote nne,
kwa kuwa muda wote ule, masikio juu, bila kupepesa,
alikuwa akimwangalia aliyeshika kamera.