Marahaba

Siku ya kwanza nilimkosea heshima mama mwenye nyumba
kwa neno moja tu la shukrani.

Alikuwa amenipa chai ya maziwa, na michembe kwenye kisosi,
mkono wa kulia mbele, wa kushoto umeshika kiwiko,
nami nikajibu kama tunavyojibu kwetu Moroni
mtu akikupa kitu:
Marahaba.

Luhende, miaka sita, akatema chai.
Nkwimba akakimbilia uani kucheka.
Mama yao akatazama sakafu
kama anayetafuta shikamoo aliyoidondosha bila kujua.

Kwenye ndege nilikuwa nimejigamba:
wengine wataanza na a, e, i,
mimi nusu ya lugha ninayo tayari.
Kumbe nusu ni hatari kuliko patupu.
Asiyejua huuliza; mwenye nusu hujibu.

Nyumba iko Mabatini, juu, ambako pikipiki hukata tamaa
na mtu hubeba sanduku lake mwenyewe.
Ukuta mmoja wa chumba changu ni jiwe.
Walilikuta pale, hawakuligombeza,
wakajenga kuta tatu, la nne wakalihesabu hilo.
Mchana linakunywa jua. Usiku wa manane
linalirudisha polepole mgongoni kwangu.
Luhende anasema jiwe linapungua:
mwaka jana ule ufa ulikuwa juu ya kichwa chake,
sasa unamfika kidevuni.

Kitanda ni cha Nkwimba. Amehamia kwa bibi yake,
na hakuna aliyeniambia. Niligundua mwenyewe,
chini ya godoro, daftari la hisabati
na kibanio kimoja cha nywele.
Nimeviacha palepale.
Najaribu kulala bila uzito.

Jumamosi alinipeleka ziwani.
Mimi ni mtu wa kisiwa, maji niliyajua
kabla sijalijua jina langu.
Nikatazama: ng'ambo haionekani, mawimbi yapo,
dagaa wameanikwa wananuka kwa haki yao.
Basi nikainama, nikachota, nikaonja.

Hakuna chumvi.

Ni kama kumwita mama kwa mbali
akageuka mwanamke mwingine.

"Kichocho, wewe!" Nkwimba akanipiga kofi la mkono,
maji yakamwagika. "Na unasomea udaktari!"

Jioni mama aliniuliza kwa simu kama bahari ipo huko.
Nikamwambia ipo.
Kuhusu chumvi nikanyamaza.
Sandukuni leso aliyonipa bado ina langilangi.
Nafungua kidogo, navuta pumzi moja, nafunga.
Naitumia kwa bajeti, hadi Desemba.

Nimejifunza kumega tonge dogo,
kwamba kichwa cha sato kikigeuziwa upande wangu
si mzaha, ingawa kinanitazama.
Nimejifunza kumwambia bibi ng'wangaluka
kisha kusimama, kungoja,
maana salamu yake ina ng'ombe ndani,
ina mvua, ina watu waliokwisha kuzikwa,
na chuo kitanisubiri.

Neno langu nililiweka kando.
Nilisema asante, asante, asante,
kama mtoto anayesomeshwa ubaoni.
Usiku tu, jiwe likishaanza kutoa joto,
nililiambia jiwe: marahaba.
Lenyewe halikucheka.

Jana, wiki ya tatu, mvua ilinikuta nateremka kutoka Bugando.
Niliingia natiririka, viatu mkononi.
Mama Nkwimba alikuwa na kikombe tayari.
Mkono wa kulia mbele, wa kushoto kiwikoni,
akakunja goti kidogo, uso mkavu kabisa:

"Shikamoo, mwanangu."

Nkwimba alijiziba mdomo.
Luhende, safari hii, alimeza kwanza.
Bibi kule ndani akauliza ni nani aliyeingia.
"Echati," wakamwambia, kama watu wanaojibu
swali lisilo na maana.

Nikapokea chai kwa mikono miwili
nikajibu, kwa lugha zote mbili kwa pamoja:
Marahaba.