Mnara wa Usoke

Mkutanoni Mihayo alisimama,
sigara vidoleni kama chaki,
akaunyooshea mnara wa simu:
"Huo unatupika usiku, tumelala."
Tukapiga makofi. Hata mimi.

Mkewe Nyanzala hakupiga.
Mikono ilikuwa myeusi kwa utomvu,
tangu alfajiri yuko banini
akichambua tumbaku kwa madaraja,
mtoto mgongoni akikohoa kama mtu mzima.

Barua ya kuung'oa mnara
tuliitia sahihi watu themanini na wawili.
Kalamu ilitoka mfukoni mwa Mihayo,
ikadondoka pamoja na kiberiti.

Siku hizi sauti yake ni mnong'ono.
Yuko Mwanza, wodini.
Jana kanipigia: "Wameshauondoa?"
Nilimsikia vizuri kabisa,
kila pumzi.
Mtandao haukukatika.