Kung'uta Vumbi

Viatu navivulia barazani,
nje ya mlango wa wavu,
kisha shati, kisha suruali,
kisha kofia ya kampuni ya mbegu.
Verlin akipita na trekta hupiga honi:
mzee wa miaka sabini na mbili, chupi na soksi,
anajikung'uta kama kuku aliyetoka majivuni.

Acheke.
Vumbi hili ndilo lililonijengea nyumba,
likasomesha mabinti watatu,
likamzika Arlene katika jeneza la mwaloni.
Ngano. Ekari mia nane, Kansas, mwisho wa Juni,
imekomaa, inangoja umande ukauke.
Na chembe moja ya unga wake
humlaza Kinley siku tatu, magoti kifuani.

Ana miaka tisa, mjukuu wangu.
Daktari alituchorea utumbo kwenye karatasi:
vinyweleo vyake vimelala
kama shamba lililopigwa na mvua ya mawe.
Neno gluteni lilinichukua wiki nzima kulitamka.
Mchoro niliuelewa palepale.

Basi nimeoga. Kucha nimezisugua kwa brashi.
Chujio la Arlene nimelipeleka darini,
maana matundu yake yana makaroni ya miaka arobaini;
nimenunua jipya, la plastiki,
rangi ya chungwa, baya kabisa.
Mwiko wa mbao nao, kwaheri.

Sufuria ya kwanza ilinishinda.
Tambi za mchele hazina subira.
Ngano hukupa nafasi ukajibu simu;
hizi, ukigeuka tu kutazama mawingu,
umekwisha kupika uji.
Nikawamwagia kuku. Kuku hawakulalamika.

Sufuria ya pili nikaisimamia
kama askari wa zamu, saa mkononi.
Dakika ya saba, nikaonja.
Ya nane, nikaonja.
Ya nane na nusu: chujio, maji ya baridi, upesi,
nazigeuza kwa vidole
mpaka zikaacha kushikana mashati.

Kisha matunda.
Pichi za mama Schrag wa ng'ambo ya barabara,
zina malaika kama shingo ya mtoto mchanga,
zikanitiririkia hadi kiwikoni.
Stroberi.
Cheri nikazitoa kokwe kwa kibanio cha nywele
nilichokikuta kwenye droo ya vijiko.
Nilikichemsha kwanza.
Nilisimama nacho kidogo, kabla ya kukichemsha.
Tikiti la kijani, vipande visivyolingana.
Nanaa ya pale bomba linapovuja.
Ndimu mbili, asali, mtindi,
na chumvi, kwa sababu kadi yake ya mapishi inasema,
kwa wino wa buluu, mwandiko wa haraka:
*Delmar atakataa chumvi kwenye matunda. Tia tu.*

Nikatia.

Kinley aliingia saa sita, hakunisalimu.
"Babu, umeoga?"
Nimeoga.
"Kucha?"
Nikanyoosha mikono juu ya meza,
akaikagua kidole baada ya kidole
kama mnunuzi anayepima unyevu wa nafaka.
Akanusa nywele zangu.
Akavuta kiti.

Alikula mabakuli mawili.
Nanaa aliitoa yote, akaipanga ukingoni,
jani kwa jani,
akasema tambi ni laini mno
lakini cheri ziko sawa.
Dirishani ngano ilikuwa inainama na kuinuka,
ya manjano, nzuri, haina habari na mtu.
Alikuwa akiitazama huku anatafuna.
Sikumuuliza anawaza nini.

"Kesho utapika tena?"
Kesho navuna, nikamwambia. Kutwa nzima.

Akalamba kijiko, upande huu, upande ule.
"Basi usiku. Lakini uoge mara mbili."