Sitini

Gari lilifika Tabata Dampo kwa kamba,
Forester ya rangi ya jivu, taa zote za dashibodi zinawaka
kama ukumbi wa harusi ambao maharusi hawajaja.
Bi. Havijawa akashuka, akaketi kwenye kiti cha Alphard
tulichokigeuza benchi la wateja.
“Mafundi watatu,” akasema. “Watatu!
Wa kwanza kaniuzia betri.
Wa pili kaniuzia kompyuta ya injini, ya mtumba, milioni na laki mbili.
Wa tatu kaniambia nikamwone shehe.”

Nikachomeka mashine chini ya usukani.
Ilisoma kwa sekunde tano, kisha ikakata.
Sekunde tano zilitosha kwa mashtaka:
Breki anasema, sijamsikia Injini.
Gia anasema, sijamsikia Injini.
Usukani naye, vilevile, saa ileile.
Msema pweke hakosi.
Injini wa watu katolewa, kawekwa mwingine,
na mwingine naye katiwa hatiani.

Nilimwambia Pazi, anayejifunza kwangu:
humu hakuna mwenyekiti.
Kuna nyaya mbili nyembamba, msuko wa kiwandani, wa kubana.
Moja ikipanda volti, mwenzake anashuka,
na ile nafasi katikati yao ndiyo neno.
Mwanzo wa njia kuna ukinzani wa mia na ishirini,
mwisho wake mia na ishirini,
ukipima zote pamoja lazima upate sitini.
Sitini ni afya. Andika.

Tukang’oa betri, tukapima.
Nne.

Nikachomoa Breki: nne.
Gia: nne.
Usukani: nne. Pazi anazitaja kwa sauti
kama anayehesabu kura za chama kinachoshindwa.
Mama lishe kapita na sinia, wali umepoa juu ya boneti,
jasho linaniingia jichoni, mkono hauna nafasi ya kufuta.
Nne.

Hapo nikaacha vipimo nikatumia vidole.
Nikafungua plastiki ya pembeni, karibu na pedali,
nikapapasa msuko taratibu, inchi kwa inchi,
mpaka kidole kikagusa kitu kisicholingana.
Utepe mweusi, wa dukani. Ndani yake
waya umechunwa kwa kisu, umeungwa mbiombio,
twende kilioni.
Na mwisho wa waya, kijidude kama kiberiti,
kina laini ya simu ndani yake.

Nikakikata.
“Sitini!” Pazi akapiga kelele, hata wa gereji ya jirani wakageuka.

Bi. Havijawa alisimama.
“Hicho nini?”
Nilikuwa nimeshika koleo. Mtu akishika koleo
anaweza kujifanya ana shughuli.
Nikasema, mama, hiki hakikuja na gari.
Hiki kinamwambia mtu ulipo.
Mtu huyo kaunga vibaya, nyaya zikagusana,
ndiyo maana gari lako limekuwa bubu.

Akakipokea kiganjani, akakipima uzito.
Hakuuliza nani.
Nilimwona akihesabu jambo, midomo haitikisiki,
labda miezi, labda funguo za akiba na aliyewahi kuzishika.
Kisha akanirudishia.

“Kirudishe.”
Pazi akanitazama.
“Kitengeneze kisiliumize gari. Ukirudishe palepale.
Anayesikiliza asijue kwamba nimejua.”

Basi nikakipa umeme peke yake, kupitia fyuzi ndogo,
nikakiweka mbali na zile nyaya mbili.
Nikazisuka upya kwa mkono, nikatia risasi,
nikafunga vizuri kuliko kiwanda.
Betri ikarudi. Taa zikazima moja moja,
na Injini, ambaye muda wote alikuwepo,
akaitika.

Akalipa kwa simu. Jina lililotokea kwenye ujumbe
halikuwa Havijawa.
Sikuuliza. Nilipima mara ya mwisho kabla sijamfungulia geti,
naye akaingia barabarani akashika kulia,
njia ya kwenda mjini,
ingawa aliniambia anaishi Segerea.