Sare Kumi na Mbili

Kabati lilianza lenyewe. Usiku wa manane
bawaba zote mbili zikaachia, mlango ukaanguka,
na nguo zikanimwagikia kitandani
kama wageni waliochoka kungoja karibu.
Mume wangu hakugeuka. Alisema tu,
"Arusi zako hizo."

Na kweli zilikuwa arusi.
Ya zambarau, ya Swabra na Mahadhi: ndoa ilidumu miezi tisa,
kitambaa hakijachuja hata leo.
Ya kijani, ya binti wa Shekuwe,
shanga zilianza kudondoka kabla ya pilau.
Ya fedha sikumbuki ilikuwa ya nani, nakumbuka viatu,
malengelenge kutoka Mkomani mpaka Langoni.
Kila moja ilivaliwa usiku mmoja wa kupamba,
ikapigwa picha, ikatiwa kafuri,
ikaambiwa: subiri.

Sare haina mara ya pili.
Ukiivaa sokoni utaulizwa, "Leo ni kwa nani?"
Ukiiuza hapa mjini ni kama kuuza uso wako,
watakutambua kwa lasi.
Nami nilikuwa nimetoa elfu tatu za kitambaa,
elfu na nusu za Fundi Lali,
ambaye mikono ikitoka mifupi husema kitambaa hakikutosha,
na ukienda kwake, mito yote ya kiti
ni rangi za arusi zetu.

Nikampigia Mama Makorani wa Witu, mwenye kwaya.
"Sitaki tano za rangi tano," alisema.
"Una kumi na mbili zinazofanana?"

Nilikuwa nayo moja, ya machungwa,
zipu yake inanidharau tangu mtoto wa tatu.
Kumi na moja zilizobaki zilikuwa kwenye kabati za watu.

Nikatoka na gunia.
Barke hatukusemezana mwaka wa nne sasa,
kisa sufuria ya kukodi iliyorudi na tundu.
Alifungua, akatazama mkono wangu.
"Yeo umekuya na gunia?"
Akaingia ndani, akarudi nayo kabla sijavua viatu.
Imechanika kwapani. Alicheza mno usiku ule.
Akaitia mwenyewe, kisha akatia na maembe mawili,
ya nini sikumwuliza.

Mwanajabu aliigeuza pazia la jikoni.
Akalishusha, akafumua upindo,
likawa gauni tena, gauni linalonuka samaki.
Wengine walitoa kwa furaha, wengine kwa bei.
Bi Tima alitaka nimwandikie risiti.

Ya kumi na mbili ilikuwa ya Zena.
Zena tulimzika Safari ya mwaka juzi.
Nilipanda ngazi zile nikipanga maneno:
nitaanza na dua, nitapitia kwa kwaya,
nitataja mia tatu mwishoni, kwa sauti ya chini.
Mlango ukafunguliwa na Ruweida, bintiye,
amekunja pindo mpaka magotini,
kitambaa cha deki mkononi, povu mpaka viwikoni,
na mwilini, ya machungwa.
Lasi imelowa. Begani pana doa la jiki.
Amesimama kama mamake alivyosimama
akimwita mpiga picha arudie.

"Shangazi, wataka maji?"

Nikasema nataka maji.
Nikanywa bilauri nzima, nikaomba ya pili.
Gunia nililiacha nje, ngazini.

"Ziko kumi na moja," nilimwambia Makorani.
Simu ikanyamaza kidogo.
"Basi mpiga ngoma atavaa lake."
Pesa ziliingia kabla gunia halijavuka Mokowe.

Sasa kabati lafungwa kwa kidole kimoja.
Bado naamka usiku kulisikiliza.
Jana Barke amenipigia: mpwa wake anaolewa,
sare ni waridi, tusichelewe kwa Lali.

Nikamwambia sitaki, nimekoma, nimeapa.
Kisha nikauliza,
"Zipu au vifungo?"