Upande wa Tarakimu

Kanuni niliitunga mwenyewe, Tartu, ghorofa ya tatu,
mezani penye chai iliyopoa na penseli zilizotafunwa:
mpe mhojiwa sarafu. Geuka, utazame dirishani.
Airushe. Ikilala upande wa ramani,
aseme "Ndiyo," hata kama si kweli.
Ikilala upande wa tarakimu, aseme ukweli wake.
Asikwambie imelalaje. Wewe usiulize.

Hivyo kila "Ndiyo" huvaa koti la "Ndiyo" nyingine,
na hakuna polisi, mume, wala waziri
atakayelishika koti akasema: humu yumo fulani.
Siri ya mtungi aijuaye kata.
Mimi si kata. Mimi huhesabu mitungi:
natoa hamsini katika kila mia, nazidisha kwa mbili,
najua mingapi ina ufa
bila kuugusa hata mmoja.

Nilijivuna. Niliisoma kanuni yangu Riga, wakanipigia makofi.

Kisha, Februari, mdadisi wetu Taimi akavunjika kifundo kwenye barafu.
Nikachukua mkoba wake, nikapanda basi la Võru,
mimi ambaye kwa miaka kumi na tisa
sikuwahi kumwona mhojiwa akiwa na uso.

Nyumba ya saba. Theluji imeumeza uzio.
Helve, miaka sitini na miwili, alinivua viatu, akanipa soksi za sufu.
Nje mtu alikuwa anapasua kuni:
ta. Kimya. Ta.
Tukaanza na mepesi: vyumba vingapi, maji ya bomba au kisima,
ng'ombe? ("Alikuwapo.")
Tukafika swali la thelathini na moja.
Nikalisoma lilivyoandikwa, bila kupandisha sauti wala kushusha:
Je, kuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kukupiga?
Nikampa sarafu. Nikageukia dirisha.

Mikono yake ilikuwa na unga. Sarafu ikamponyoka,
ikabingirika chini ya meza, ikazunguka, ikazunguka
kama mlevi atafutaye mlango,
ikalala kando ya soksi yangu.
Nilitazama. Si kwa kukusudia. Jicho halina pazia.
Moja.
Tarakimu moja, wima, inang'aa.

"Ndiyo," akasema.

Nje: ta.

Kanuni haina ukurasa wa jambo hili.
Ningeweza kumwomba arushe tena. Ningeweza kulifuta jibu,
ila ni mimi niliyewafundisha vijana
kwamba kufuta jibu ni kumsemea uongo mwenye nalo.
Nikaifunika sarafu kwa mguu, kama mtoto aliyeiba.
Nikatia alama kwenye kisanduku.
"Swali la thelathini na mbili," nikasema. "Mna redio?"

Hakuitazama fomu. Alitazama mguu wangu.

Mlangoni alinirudishia viatu; alikuwa ameviweka karibu na jiko, vina joto.
"Hiyo hesabu, itasomwa na nani?"
"Na yeyote apendaye."
"Nami nitakuwa wapi humo?"
"Hutaonekana kabisa," nikasema,
nikidhani ninampa habari njema.
Akaitikia kwa kichwa
kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa.

Tulipata hamsini na saba katika mia. Toa hamsini, zidisha: kumi na nne.
Kijiji nikakificha ndani ya wilaya, wilaya ndani ya mkoa.
Umri nikauviringisha: "sitini na zaidi."
Juu yake nikanyunyiza makosa madogo ya makusudi, kama chumvi,
ili atakayechimba asimfikie mtu.
Hatamfikia. Wakaguzi wamesifu.

Fomu ya mwaka huu ina swali moja zaidi, mwisho kabisa,
baada ya redio na kisima:
Je, ungependa mtu arudi?
Halina sarafu.
Wenzangu wananiuliza litaingia jedwali gani.
Sijawajibu.